Ombi la Kuandikishwa Kuwa Kipuri cha Lori Namba Nne

Utingo, Lori Namba Nne,
Kiwanda cha Magodoro.

Kwa Meneja wa Usafirishaji,
Ghorofa ya kwanza, mlango wenye pazia.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA SENSA ZA LORI JIPYA

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama hukunizidi basi habari za kazi. Nilimuuliza karani wako una miaka mingapi akasema hayo ni mambo ya faili, kwa hiyo pokea inayokustahili na nyingine uniwekee.

Mimi ndiye yule mtu anayesimama nyuma ya lori. Inawezekana hunijui kwa sura, maana dirisha lako linatazama bustani ya mbele na kazi yangu iko nyuma, lakini sauti yangu lazima umewahi kuisikia. Wenzangu wananiita Mzee Makofi. Si kwa ugomvi. Lori linaporudi nyuma, utingo husimama kwenye kona yake akalipiga bodi kwa kiganja: kofi moja, simama, makofi mawili, rudi, makofi matatu, shuka uje uone mwenyewe maana mimi hapa nimeishiwa. Makofi matatu nimeyapiga mara mbili tu katika miaka ishirini na miwili, na mara moja kati ya hizo ilikuwa nyuki.

Wiki tatu zilizopita kiwanda kilinunua lori jipya, likapewa namba nne, namba ya lori letu la zamani, kabla injini ya lile la zamani haijapoa. Fundi aliyelikabidhi alitukusanya uani akatueleza kwamba lina vijicho kumi na viwili vilivyopachikwa nyuma, mbavuni na mbele, vinavyoitwa sensa. Kwamba lina kamera inayomtazama dereva usoni, usukani unaojirekebisha wenyewe, breki inayojifunga yenyewe, na kiti kinachoujua mgongo wako. Tulishangilia, mimi nikiwa wa kwanza. Jumatatu iliyofuata ukabandika tangazo ubaoni, kati ya ratiba ya zamu na ile picha ya namna ya kunawa mikono, kwamba kwa kuwa lori jipya linajitazama lenyewe, nafasi ya utingo wa Lori Namba Nne itafutwa mwisho wa mwezi huu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mgeni kaja, na mwenyeji anaonyeshwa mlango.

Nilitaka kupanda ngazi siku hiyohiyo. Mke wangu akanishauri niandike. Alisema mdomo wangu una mbio kuliko akili yangu na kalamu itanichelewesha kidogo. Nimeandika kwa siku tatu. Kwa hiyo, kwa heshima zote, na bila hasira isipokuwa ile ambayo haikwepeki, naleta malalamiko yangu kwa namba ili mtu wa ofisini asipotee njiani.

1. Kuhusu lugha ya sensa. Mimi nikimrudisha dereva nazungumza naye kama mtu na mtu: njoo, njoo, kata kushoto, nyoosha, lete, lete, hapo. Kwa jinsi ninavyosema "lete" anajua kama imebaki mita au shubiri. Anajua hata kilichoko nyuma ni ukuta au ni gari lako, kwa sababu kwa gari lako sauti yangu huwa na adabu zaidi. Sensa inasema ti, ti, ti. Ukuta, ti ti ti. Pipa la takataka, ti ti ti. Juzi kwenye ghala la mteja tulisimama dakika nne nzima kwa ajili ya mfuko wa plastiki uliokuwa ukipeperuka nyuma yetu, na kila tulipojaribu kusogea mfuko nao ukarudi kututembelea. Ngoma ikivuma sana hupasuka, lakini hii yetu naambiwa imekuja na dhamana ya miaka mitano. Mimi sijawahi kupewa dhamana ya hata wiki moja.

2. Kuhusu mkanda wa kiti changu. Sipingi kufunga mkanda. Ni sheria, na sheria nimeiheshimu tangu mkanda wa lori la zamani ulipokuwa kipande cha kamba. Ninachokipinga ni hiki. Chini ya kiti cha abiria kuna sensa inayohisi uzito, na ikihisi uzito inalia mpaka mkanda ufungwe. Ijumaa nilishuka kufungua geti la ghala, nikaacha kitini magodoro matatu ya sampuli yaliyofungwa pamoja. Gari likalia. Dereva wangu, ambaye tumekaa pamoja miaka kumi na mmoja na ambaye mimi ndiye niliyemsimamia harusi, akayafunga mkanda yale magodoro. Gari likanyamaza. Kwenye kioo cha mbele ya usukani ikawaka taa ya kijani kuonyesha kwamba aliyekaa pale yuko salama na kila kitu kiko sawa.

Nilirudi nikakuta nafasi yangu imeshajazwa. Ndugu Meneja, kitaalamu imethibitika kwamba kati yangu na mafungu matatu ya sponji hakuna tofauti. Dereva alicheka mpaka tukafika. Mimi nilitazama nje upande wangu.

3. Kuhusu usingizi. Hapa naomba utulie unisome polepole, kwa sababu jambo hili linakuhusu na wewe.

Kamera inamtazama dereva machoni ili kujua kama anasinzia. Dereva wetu alizaliwa na macho membamba, mama yake ana macho hayohayo, na kazini hajulikani kwa jina lingine ila Kope. Kamera inaamini kwamba amelala tangu siku alipoajiriwa. Kila baada ya dakika chache inachora kikombe cha kahawa kwenye kioo, na sauti ya mwanamke inamsihi apumzike. Kope ni mtiifu. Tena anasema hajawahi kusihiwa kwa upole namna ile hata nyumbani kwake, maneno ambayo naomba yasitoke ofisini mwako. Basi anapumzika. Jumanne tulipumzika mara saba kati ya kiwanda na duka la mteja, safari ya dakika arobaini. Tulipofika tulikuta duka limefungwa, na mlangoni pana karatasi yenye jina la kiwanda chetu na maneno ambayo siwezi kuyarudia katika barua ya kikazi.

Sisi ni kiwanda ambacho ubavuni mwa lori lake pameandikwa "Lala Unono" kwa herufi kubwa kuliko mtu, na ndani ya lori hilohilo kuna mtambo wa kumkamata anayefumba macho. Hayo tuyaache, ni mambo ya rangi. Jambo nisilolielewa ni lingine. Ratiba uliyoisaini inampa Kope safari sita kwa siku, na haina kikombe hata kimoja. Katika lori la zamani, alipochoka kwelikweli nilimwona mimi. Nilimwambia asimame, akalala robo saa juu ya turubai, nami nikakupigia simu nikasema tumepata pancha. Naungama kwamba katika miaka kumi na mmoja tumekuwa na pancha nyingi kuliko tairi. Lakini tulifika salama. Lori jipya halijui kusema pancha. Kila likisimama linaandika, na mwisho wa siku linakuletea orodha. Kwa hiyo Jumatano umemwandikia Kope onyo la kupumzika mara saba, na aliyemwamuru apumzike ni gari ulilolinunua wewe, kwa sababu uliyoisema mwenyewe mbele yetu sote, kwamba usalama wa dereva kwanza. Naomba mkutane nyinyi wawili, wewe na gari, mkubaliane, kisha mtuletee jibu moja.

4. Kuhusu raha. Kiti cha dereva kinapanda, kinashuka, kinakanda mgongo na kinapasha joto makalio. Mji huu mtu akikaa kwenye jiwe saa sita mchana anapata huduma hiyo bure. Ili kuondoa joto la kiti, Kope huwasha baridi, na ili kuihifadhi baridi hufunga vioo. Sasa amepata mafua ya wiki mbili, na mlinzi wa geti amenuna. Kwa miaka yote hiyo dereva alishusha kioo akamsalimu. Sasa anapita amefungiwa ndani kama mgonjwa, na mlinzi ameanza kutukagua hadi ndani ya viatu. Mtu huyu ana geti, Ndugu Meneja. Mtu mwenye geti hachezewi.

Zaidi ya hayo, kibanda cha dereva kimezibwa sauti ya nje isiingie, kwa ajili ya raha hiyohiyo. Sauti ya nje ni mimi. Wiki ya kwanza nilipiga makofi yangu ya kawaida, hakusikia. Nikaongeza. Nikaongeza tena. Siku ya nne kiganja kilivimba nikashindwa kushika kijiko, nikaenda kwa nesi wa kiwanda. Aliniuliza nimempiga nani. Nikamjibu nimepiga lori. Akaandika kwenye daftari "amepiga lori," akanipa dawa ya kuchua, na tangu siku hiyo ananisalimu akiwa upande wa pili wa meza.

5. Kuhusu mstari wa barabara ya sokoni. Usukani wa lori hili unafuata mistari iliyochorwa barabarani. Ukitoka nje ya mstari unakurudisha wenyewe. Mchoraji wa mistari ya barabara ile, siku alipofika penye gari lililokuwa limeegeshwa vibaya, hakutaka makuu. Alilizunguka. Gari likaondoka zamani, mstari ukabaki na kitambi. Kila siku asubuhi lori letu la kisasa, lenye macho kumi na mawili, linafika pale na kulikwepa kwa heshima kubwa gari ambalo halipo. Kope akishika usukani anyooshe, usukani unamvuta. Wauza maduka wameshatuzoea, wanatoka nje kutazama.

6. Kuhusu haki. Mimi nilipoajiriwa nilileta barua za watu wawili wanaonifahamu, nikahojiwa, nikawekwa miezi mitatu ya majaribio ambayo kwa bahati mbaya ikawa tisa. Sensa iliajiriwa bila kuulizwa swali. Haikubeba godoro hata moja. Haitambui kwamba mtunza ghala wa mteja wetu mkubwa husaini hati ya mzigo upesi ukimuuliza habari za goti lake, na hukaa nayo saa nzima usipomuuliza. Siku sensa ikikosea, barua ya onyo utaibandika wapi? Jogoo akishindwa kuwika unajua wa kumlaumu.

Na kama kweli mashine inayotazama inatosha mahali pa mtu, mbona tumeanzia nyuma ya lori? Ningeshauri ghorofa ya kwanza iangaliwe pia. Kiti chako kinazunguka vizuri, nimekiona siku ile mlango ulipokuwa wazi, lakini hakina sensa ya kuonyesha kama kina mtu. Wafanyakazi wangefaidika sana na taa ya kijani nje ya pazia lako. Na kamera ikichora kikombe kila unapofumba macho baada ya chakula cha mchana, tutakuwa tumefuata ratiba moja, wote, kuanzia juu. Nasema hivi kwa nia njema kabisa.

Sasa nafika kwenye ombi langu.

Nimeyatafakari mambo haya na nimegundua kosa langu liko wapi. Kosa langu ni kuwa mtu. Ningekuwa kifaa, yote haya yasingenikuta. Sensa zinafanyiwa huduma kila miezi mitatu. Mimi nimefanyiwa huduma mara moja, mwaka ule nilipoangukiwa na marobota. Sensa ikipata vumbi kuna kitambaa maalumu cha kuifutia, na kitambaa hicho kina mfuko wake. Stoo ya vipuri ina feni na kufuli. Chumba chetu cha kubadilishia nguo hakina mlango, tunabadilisha kwa zamu huku mwenzako amesimama na godoro mbele yako. Kipuri hakifukuzwi kwa tangazo. Kikichakaa, fundi anaitwa, anakishika, anakigeuzageuza, anasikitika, na anaandika ripoti.

Kwa hiyo naomba, kwanza, sensa za nyuma zizimwe, na pili, mimi niandikishwe rasmi kwenye kitabu cha Lori Namba Nne, ukurasa wa vipuri, kama ifuatavyo: kitambuzi cha nyuma, kimoja, cha zamani, kinazungumza. Kinajua kushuka, kupanda, kubeba, kufungua geti, kubadilisha tairi na kusalimu. Kinatumia chai. Mahali pa kukiweka ni kona ya nyuma kushoto. Nakubali kupigwa mhuri wa namba, mradi usiwe usoni. Nakubali hata kuhesabiwa pamoja na jeki siku ya kukagua mali, na nitajibu nikiitwa.

Nikiacha mzaha, ambao sikuudhamiria lakini naona umeingia wenyewe: nina miaka hamsini na sita na sijui kazi nyingine. Nikiamka asubuhi mkono huu ndio unaojua tunakwenda wapi. Tangu tangazo lile mke wangu hajaniuliza tutafanyaje, na kule kutoniuliza ndiko kunakoninyima raha. Naogopa, Ndugu Meneja. Neno hilo nimeliandika, nikalikata, nikaliandika tena.

Nikiamini barua hii itakufikia ukiwa macho, nakutakia siku yenye mizigo michache na wateja wapole. Nisalimie karani wako na faili zake. Nisalimie fundi wa sensa akija tena, mwambie kiti kinamkanda dereva vizuri ila kinakosea bega la kushoto. Nisalimie wote wa ghorofa ya kwanza ambao sijawahi kuwaona, nao hawajawahi kuniona, na kazi inaendelea.

Wako mtiifu, kutoka nyuma ya lori,

Mzee Makofi,
Utingo.

Nakala: Mlinzi wa geti, ajue kwamba nimemtetea.
Nakala: Mke wangu, aone kwamba kweli niliandika.

NYONGEZA, asubuhi ya leo:

Sensa zisizimwe.

Barua hii nilikuwa nimeikunja mfukoni niilete kwako tukishapakia. Saa mbili tulikuwa tunarudisha lori kwenye jukwaa la kupakilia. Nilikuwa kwenye kona yangu ya kushoto nimemtazama Kope kwenye kioo cha ubavuni, nikapiga makofi mawili, ambayo siku hizi huyaona kiooni badala ya kuyasikia. Lori likasogea kidogo, likalia, kisha likajifunga breki lenyewe. Nikageuka nikatazama nyuma, sikuona kitu. Nikapiga mengine mawili. Likagoma. Nikaenda mpaka kwenye dirisha lake, nikagonga, nikamwambia Kope azime hicho kidude, nyuma ni kweupe. Kitufe cha kukizima kiko karibu na goti lake. Miaka kumi na mmoja Kope hajawahi kunikatalia jambo. Leo aliweka kidole kwenye kitufe, akaniangalia, akakiondoa. Alishuka akazunguka nyuma, nami nikamfuata nikiwa tayari kumcheka.

Alikuwepo mama anayefagia uani. Alikuwa ameinama na ufagio wake mfupi, anakusanya vipande vya sponji karibu kabisa na bamba la nyuma, na kitambaa chake cha kichwani kilikuwa cha rangi ileile ya sakafu. Kati ya mgongo wake na chuma palikuwa na nafasi ya kupitisha mkono. Jicho langu la kulia halioni vizuri tangu mwaka jana. Mke wangu anajua. Wengine wote nimewaambia ni vumbi. Nilikuwa hatua nne kutoka kwake, upande wangu wa kulia, na nilitazama, na sikumwona.

Malalamiko namba mbili hadi tano yasome, maana ni ya kweli, na Kope afutiwe onyo lake. La kwanza na la sita yafute, na ombi pia. Usiniandikishe kipuri cha kitu chochote kinachotembea. Kama ghalani kuna nafasi ya kupanga magodoro nitaishukuru, mikono haina tatizo. Kama haipo, tangazo lako libaki kama lilivyo.

Yule mama hakujua lolote. Aliinua kichwa akatukuta tumesimama, watu wazima wawili, Kope ameshika bodi la lori. Akadhani anatuchelewesha. Akauliza, "Kaka zangu, mnanisubiri mimi?"

Nikamwambia ndiyo, dada, tunakusubiri wewe, maliza kufagia.